Moto yako iko na farasi ngapi, na zinakusaidia nini kwenye mlima?

Wauzaji wanaitaja namba hiyo kwa sauti kubwa, na wamotari wanabishana juu yake kila asubuhi. Hapa tunaeleza ilitoka wapi, inapimwa namna gani, na ni wakati gani inapasa kuangaliwa kabla ya kutoa pesa yako.

Kwenye parkingi za moto, kuanzia Bunia mpaka Kalemie, kuko ubishi mmoja usioisha. Mmoja anasema: «Boxer yangu iko na farasi kumi na mbili, hauwezi kunifuata ku mulima.» Mwengine anajibu: «Farasi za nini? Yangu ni ile ya 125, na inabeba kuliko yako.» Wa tatu anacheka tu, juu moto yake ya 100 imemlipia nyumba na masomo ya watoto, na hajawahi kuhesabu farasi hata siku moja.

Nani anasema kweli? Wote watatu, kila mmoja kwa upande wake. Lakini jambo lenyewe si la kucheka. Wamotari wengi hawatembezi moto yao wenyewe: wanaipata kwa patroni, wanatoa pesa kila siku ao kila juma, mpaka deni liishe. Mwenye kuchagua vibaya anabeba uchaguzi huo muda mrefu. Moto ndogo mno kwa milima yake inachemka, inakula ambreyaje, inamrudisha garaje kila wakati. Moto kubwa mno kwa kazi yake inakunywa esansi ambayo kliyenti hailipi. Ndiyo maana ni vizuri kujua namba ya farasi inasema nini, na inanyamazia nini.

Farasi huyo alitoka wapi?

Sisi huku kwetu hatukulima wala kubeba mizigo na farasi. Tunabeba kwa mgongo, kwa kichwa, kwa chukudu, na leo kwa moto. Neno hilo lilitoka Uingereza. Katika miaka ya 1780, fundi mmoja wa Scotland, James Watt, alikuwa anauza mashine za mvuke. Kliyenti wake wengine walikuwa na viwanda ambamo farasi walizunguka kutwa nzima wakizungusha mawe ya kusaga. Wakamuuliza swali ambalo kila mnunuzi anauliza: «Mashine yako itachukua nafasi ya farasi wangu wangapi?» Watt akapanga kipimo cha kazi ya farasi mmoja, akauza mashine zake kwa kipimo hicho. Yaani tangu mwanzo, farasi ilikuwa namba ya muuzaji na mnunuzi.

Baadaye Ufaransa, Ujerumani na inchi zingine za Ulaya zilipanga farasi yao kwa kilo na mita, na ndiyo tunayotumia hapa. Inafaa kuishika kichwani, juu tutaitumia hapa chini: farasi moja ni nguvu ya kuinua kilo 75, mita moja juu, katika sekunde moja. Kama unaweza kuinua gunia la kilo 75 mpaka usawa wa kifua ndani ya sekunde moja, kwa sekunde hiyo umefanya kazi karibu sawa na farasi moja. Lakini hautaendelea hivyo dakika nzima. Mtu mwenye afya akifanya kazi ya mikono siku nzima, nguvu yake ni kama sehemu moja ya kumi ya farasi. Moto ndogo kabisa ya kwenye parkingi ina nguvu ya watu makumi.

Majina mengi, kitu kimoja

Kwenye karatasi za moto utaona alama mbalimbali. CV ao ch ni farasi kwa Kifaransa. PS ni farasi kwa Kijerumani, na moto zinazotoka India mara nyingi zinaandikwa hivyo. Ni kipimo kile kile cha kilo 75. Ukiona hp, ni ile ya Waingereza, kubwa zaidi kwa kidogo sana, tofauti ambayo hautaisikia barabarani. Ukiona kW, chukua namba hiyo uizidishe kwa 1,36. Moto ya kW 8 iko na farasi karibu 11.

Tuangalie mambo mawili ambayo watu wanachanganya. La kwanza ni cc. Namba 100, 125 ao 150 inayoandikwa ubavuni mwa moto si farasi. Ni ukubwa wa nafasi ambamo pistoni inatembea ndani ya silenda, kwa sentimita za ujazo. Silenda kubwa inameza hewa na esansi mingi zaidi kwa kila mzunguko, basi kwa kawaida inatoa nguvu zaidi, lakini hayo ni mambo mawili. Na kibandiko si silenda. Kabla ya kununua moto iliyotumika, soma karatasi yake, usisome rangi ya tangi.

La pili ni farasi za kodi. Katika inchi zilizofuata desturi ya Ufaransa na Ubelgiji, serikali iko na farasi yake ya kuhesabia kodi ya magari. Hiyo inatoka kwenye hesabu za ofisi, si namba ile ile ya nguvu ya moteri. Ukiona gari kubwa imeandikwa CV chache kwenye karatasi, usishangae.

Kwa moto tunazoziona hapa, za India na za China, hesabu si ngumu kushika. Zile za 100 ziko na farasi 7 mpaka 8 na kitu. Zile za 125 ziko na 10 ao 11. Zile za 150 za kazi ziko na karibu 12. Angalia vizuri: kutoka 125 kwenda 150, muuzaji anakuonyesha tofauti kubwa ya bei na ya sifa, lakini kwa farasi mara nyingi ni moja ao mbili tu.

Farasi 12 ziko wapi ukizitafuta?

Tuchukue Boxer 150, ambayo wengi wanaijua. Karatasi ya mtengenezaji inasema: farasi 12 kwa mizunguko 7500. Ile sehemu ya pili ndiyo watu wanairuka. Maana yake, farasi 12 zinapatikana tu wakati moteri inazunguka mara 7500 kwa dakika, gazi imefunguliwa yote, moteri inapiga kelele mpaka mikono inatetemeka. Nani anatembeza hivyo kutwa nzima? Anayefanya hivyo ataonana na mekanisie mapema.

Motari wa kawaida anazungusha moteri yake mara 3000 mpaka 5000. Kwa mizunguko 5000, moteri hiyo hiyo inatoa farasi karibu 8 na nusu. Kwa 3000, ni kama 4 ao 5. Zile zingine hazijaibiwa, zinangojea tu mizunguko. Ni kama duka ya ghorofa tatu ambayo wewe unatumia ghorofa ya chini peke yake: mwenye nyumba hakukudanganya juu ya ghorofa, lakini biashara yako iko chini.

Ndiyo maana moto mbili zenye farasi sawa zinaweza kuwa na tabia tofauti kabisa. Moto ya mbio inaweza kuandikwa farasi nyingi, lakini zote ziko juu kabisa, kwenye mizunguko 9000 ao 10 000. Mpakize magunia mawili ya makala, utaona inazimika kwenye kona ya kwanza. Moto ya kazi iko na farasi chache, lakini inazitoa mapema, pale motari anapozihitaji.

Kupli: nguvu ya kuzungusha

Hapa tunafika kwenye namba ya pili ya karatasi, ile ambayo wauzaji hawaitaji sana: kupli. Kila mekanisie anaijua kwa mikono yake. Bulo ikikataa kufunguka kwa ufunguo mfupi, unatafuta ufunguo mrefu ao unaongeza bomba. Nguvu ya mkono ni ile ile, lakini kule kuzungusha kumekuwa kukubwa. Hiyo ndiyo kupli. Inapimwa kwa Nm.

Kwa ile Boxer 150, kupli ya juu ni 12,26 Nm kwa mizunguko 5000. Kwa mfano wa nyumbani: funga fimbo ya mita moja kwenye muti wa moteri, tundika kilo moja na robo ya sukari kwenye mwisho wake. Moteri inaweza kushika uzito huo, haiwezi zaidi. Kilo moja na robo tu? Ndiyo. Lakini vitesi na shene zinaongeza kupli hiyo. Kwa vitesi ya kwanza, moto ndogo nyingi zinaizidisha karibu mara 30, na inafika kwenye gurudumu ikiwa msukumo wa karibu kilo 100. Ndiyo inayokutoa kwenye matope.

Basi farasi na kupli vinahusiana namna gani? Kupli inasema moteri inasukuma kwa nguvu gani kila inapozunguka. Farasi zinasema kazi hiyo inafanyika haraka kiasi gani. Kupli na vitesi vinakuambia kama utapanda mlima. Farasi zinakuambia utaupanda kwa mwendo gani.

Hewa ya milima inakula farasi

Kuko jambo moja ambalo muuzaji wa moto hakwambii, pengine juu yeye mwenyewe hajafikiri. Namba ya kiwandani inahesabiwa kwa hewa ya karibu na usawa wa bahari. Sisi hatuishi kwenye bahari. Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1460 juu ya bahari, na mitaa mingi ya Bukavu na Goma iko juu yake. Butembo iko juu zaidi tena.

Moteri inahitaji hewa ili ichome esansi. Ukipanda juu, hewa inakuwa nyepesi, na kila pumzi ya moteri inaleta hewa kidogo. Sheria ya mekanisie ni rahisi: kwa kila mita 100 za kupanda, moteri ya karbiratera inapoteza karibu asilimia 1 ya nguvu. Kisangani, iliyo chini, inapoteza kidogo tu. Uvira na Kalemie, karibu na Tanganyika kwenye mita 770 na kitu, zinapoteza kama 8. Goma na Bukavu, kama 15. Butembo, 17 hivi.

Yaani ile moto ya farasi 12, ikiwa Bukavu, ni moto ya farasi 10. Ile ya 7 na nusu inabaki na 6 na kidogo. Na bado shene na vitesi vinakula sehemu yao kabla nguvu haijafika kwenye gurudumu, asilimia 10 hivi kama shene ni safi na imekazwa vizuri, zaidi kama imekauka na kujaa matope.

Hasara haiishii hapo. Karbiratera haijui kama hewa imepunguka. Inaendelea kumwaga esansi karibu kiasi kile kile. Mchanganyiko unakuwa na esansi nyingi kupita hewa: moshi mweusi, harufu, buji nyeusi kama sufuria ya jikoni. Ukiona hivyo kila mara, mwambie mekanisie anayejua kazi aangalie jikleri. Pengine yenye tundu dogo zaidi itakufaa. Buji ya moteri yenye afya iko na rangi ya kahawa ya maziwa. Lakini kama kazi yako ni kushuka Uvira na kupanda Bukavu kila juma, usibadilishe ovyo. Jikleri ndogo inayofaa juu inaweza kuacha moteri na njaa ya esansi kule chini, na moteri yenye njaa inachemka kupita kiasi.

Na kuna wanaotoa filtri ya hewa «ili moto ipate farasi». Wanapata kelele. Vumbi ya barabara zetu, na ile ya mawe ya volkano kule Goma, inaingia moja kwa moja ndani ya silenda na kuisugua kama msasa. Baada ya miezi michache moteri inakula mafuta, na farasi zilizokuwamo zinaanza kutoka.

Piga hesabu ya mlima wako

Sasa turudi kwenye ile kilo 75. Motari yeyote anaweza kupiga hesabu hii kwa telefone yake.

Kwanza, uzito. Moto yenyewe ni kama kilo 115. Wewe, kilo 65. Kliyenti wawili, kilo 130. Mizigo yao, kilo 40. Jumla, kilo 350. Pili, mlima. Tuchukue mlima wa asilimia 10, yaani kila mita 100 za barabara unapanda mita 10. Tatu, mwendo. Kwa kilometa 30 kwa saa, unatembea mita 8,3 kila sekunde, basi unapanda juu sentimita 83 kila sekunde.

Zidisha kilo 350 kwa mita 0,83, gawanya kwa 75. Jibu ni karibu farasi 4. Barabara mbovu nayo inataka sehemu yake ili magurudumu yazunguke, ongeza farasi moja. Hesabu na ile inayopotea kwenye shene: moteri inapashwa kutoa farasi 5 na nusu hivi.

Moto ya 100, ambayo Bukavu imebaki na farasi 6 na kidogo, itapanda. Lakini angalia: itapanda ikitoa karibu yote iliyo nayo, kwa vitesi ya chini, mizunguko juu, gazi wazi. Moto ya 150 itapanda mlima ule ule ikitoa nusu ya nguvu yake na kitu, na itakuwa na akiba ya kuongeza mwendo ao kupita shimo. Moto zote mbili zinafika. Ila moja inafika imechoka.

Ongeza mwendo uone: kwa kilometa 40 kwa saa, mlima huo huo unataka zaidi ya farasi 7. Ile ya 100 inakataa, na hakuna kelele ya gazi itakayobadilisha hesabu. Chukua mlima wa asilimia 20, kama barabara zingine za mitaa ya Bukavu: hata kwa kilometa 20 tu kwa saa, kupanda peke yake kunataka farasi 5, na ukiongeza barabara na shene unafika karibu 7. Moto ya 100 yenye watu watatu itafanya nini hapo? Kila abiria anajua jibu: «Mama, shuka kidogo, utapanda pale juu.» Motari akimshusha abiria mmoja na mzigo wake wa kilo 85, amepunguza kazi ya moteri kwa robo. Hakuna mekanisie anayeweza kukuongezea robo ya nguvu kwa dakika moja namna hiyo.

Hesabu hiyo inaonyesha jambo lingine. Kutoka usawa wa Tanganyika mpaka usawa wa Kivu ni kama mita 700 za kupanda. Kuinua zile kilo 350 zote kwa mita hizo 700, farasi moja peke yake ingefanya kazi dakika 54. Farasi tano, dakika 11. Hata moteri ndogo inaweza kubeba mzigo mpaka juu ya Ngomo, ukiipa muda na vitesi inayofaa. Kinachoiua ni haraka pamoja na uzito.

Pinyo: kununua msukumo bila kununua farasi

Wamotari wa milimani wanajua hila moja ya zamani. Tuseme moto iko na pinyo ya mbele ya meno 14 na ile kubwa ya nyuma ya meno 42. Ukiweka mbele pinyo ya meno 13, msukumo kwenye gurudumu unaongezeka karibu asilimia 8. Ukibaki na 14 mbele na kuweka 45 nyuma, unapata asilimia 7 hivi. Jino moja la mbele ni sawa na meno matatu ya nyuma.

Farasi hazikuongezeka hata moja. Umebadilisha tu mwendo kuwa msukumo: kwenye tambarare moteri itazunguka zaidi na moto itakimbia kidogo kuliko zamani. Kwa mwenye kutembea Kadutu ao mitaa ya juu ya Butembo, ni biashara nzuri. Kwa mwenye kukimbia kilometa mingi kwenye tambarare ya Ruzizi, ni hasara ya esansi.

Kuna hila nyingine isiyouzwa: kupunguza vitesi mapema. Motari anayeng'ang'ania vitesi ya tatu huku moteri inaguna, gazi yote wazi, anafikiri anachunga esansi. Kumbe anapiga pistoni na muti wa moteri kwa nguvu, na joto linapanda juu upepo wa kupoza silenda ni kidogo kwa mwendo huo. Shuka mpaka ya pili, acha moteri izunguke kwa raha karibu na mizunguko 5000, pale kupli yake ilipo.

Esansi inalipa kazi, hailipi kibandiko

Farasi moja ikifanya kazi saa nzima inakula robo ya lita ya esansi, ao zaidi kidogo, mpaka theluthi. Basi mlima ule ule, mzigo ule ule, mwendo ule ule, unataka karibu esansi ile ile, moto iwe ya 100 ao ya 150. Tofauti inatokea pale moto kubwa inapofanya kazi ndogo. Ukizunguka mjini na abiria mmoja, tambarare, moteri ya 150 inalisha silenda kubwa na uzito wake yenyewe bila sababu. Hapo ile ya 100 inashinda, na mwisho wa mwezi tofauti inaonekana mfukoni.

Usiamini namba ya matumizi iliyoandikwa dukani. Jaza tangi yote, andika kilometa, fanya kazi siku tatu, jaza tena, gawanya. Na ujue unajaza nini. Esansi ya chupa iliyochanganywa na petroli ya taa inafanya moteri igonge na kupoteza nguvu. Unaweza kulipia farasi 12 dukani na kuzipoteza kando ya barabara kwa kuokoa franka chache.

Kinachopanda lazima kishuke

Katika ubishi wote wa parkingi, hatusikii mtu akiuliza: «Freni zako ziko na farasi ngapi?» Lakini mlima ni ule ule. Zile kilo 350 zikishuka asilimia 10 kwa kilometa 30 kwa saa, zinarudisha nguvu ya farasi karibu 4, na nguvu hiyo yote inapashwa kwenda mahali fulani. Sehemu inaliwa na barabara. Ingine yote inakuwa joto, ndani ya freni ao ndani ya moteri.

Kwenye mteremko mrefu, freni za ngoma zinachemka na kulegea. Ndiyo maana kushuka bila vitesi, moteri imezimwa «ili kuchunga esansi», ni kuweka uhai wa watu watatu kwenye vipande viwili vya freni. Shuka na vitesi ile ile ambayo ungepandia. Moteri ikivutwa na gurudumu inashika sehemu ya uzito, na freni zinabaki na nguvu kwa kona ya mwisho. Wale wa chukudu wanaoshuka na mizigo kuelekea Goma hawana farasi hata moja, lakini wanajua vizuri kwamba mzigo unapimwa kwa freni kwanza.

Moto ya farasi nyingi inashawishi kubeba zaidi juu «inaweza». Inaweza kupanda, ndiyo. Lakini fremu, mipira na freni havikuongezeka kwa kiasi hicho.

Kabla ya kutoa pesa

Basi, farasi zina maana kwa motari? Zina maana pale mlima, mzigo na mwendo vinapokutana. Kwa mwenye kazi ya mjini, tambarare, abiria mmoja mmoja, farasi 7 ao 8 zinatosha, na moto ndogo itamlipa haraka. Kwa mwenye kupanda milima kila siku akiwa na watu wawili na mizigo, farasi 10 mpaka 12 ni akiba ya afya ya moteri, wala si mapambo. Zaidi ya hapo, kwa kazi ya taksi, utakuwa unalipia mwendo ambao barabara zetu hazitakuruhusu kutumia.

Ukifika dukani ao kwa patroni, uliza maswali haya. Silenda ni ngapi kwenye karatasi? Farasi ni ngapi, na kwa mizunguko mingapi? Kupli ni ngapi, na kwa mizunguko mingapi? Kati ya moto mbili zenye farasi sawa, kwa kazi ya milima chukua ile ambayo kupli yake ni kubwa na inakuja mapema. Uliza pinyo iko na meno mangapi, na kama vipande vya kubadilisha vinapatikana katika mji wako, juu moto ya farasi 12 inayongojea kipande juma mbili iko na farasi sufuri. Kisha punguza asilimia ya mlima unaoishi, piga hesabu ya kilo zako, gawanya kwa 75.

Na kama moto yako ya zamani imeanza kushindwa na mlima iliokuwa inaupanda, usikimbilie kununua kubwa zaidi. Anza na filtri, buji, shene, upepo wa mipira, mafuta ya moteri. Mara nyingi farasi unazozitafuta sokoni bado ziko ndani ya moto yako, zimefunikwa na vumbi.